Nasaba na Nyuzi: Mbinu za Sayansi ya Jamii katika Uchunguzi wa Koo Kubwa za Pwani

1.0 Utangulizi

Historia ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya koo. Anayetafuta habari za Pate huletewa Wanabahani. Anayetafuta za Mombasa huletewa Mazrui. Wa Unguja hapati pa kuanzia isipokuwa kwa Busaidi. Tarikhi zenyewe zimejengwa hivyo. Habari za Pate, ambazo matoleo yake manne yamehaririwa pamoja na Tolmacheva (1993), huanza kwa kumtaja Suleiman wa Nabahani aliyefika mwaka 600 wa Hijria (1203 au 1204), akamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, kisha akapewa utawala kwa sababu ya ndoa hiyo. Wanahistoria wamelumbana sana juu ya tarehe. Chittick (1969) alikataa kwamba Wanabahani walitawala Pate mapema kiasi hicho, na uchimbaji wa Wilson na Omar, uliochapishwa mwaka 1997, ukaonyesha kuwa mji wenyewe ni wa kale kuliko alivyoukadiria Chittick, bila ya kuthibitisha kwamba nasaba ya watawala nayo ni ya kale vilevile.

Mabishano hayo yalikuwa ya lazima. Hata hivyo, yameacha kando jambo lililo wazi katika matini. Tarikhi inadai kwamba utawala ulihamia kwa wageni kupitia mwanamke aliyeozwa. Dai hilo, liwe la kweli au la kubuni, halihusu mwaka bali uhusiano: nani alimwoza nani, na kwa kufanya hivyo alipata nini au alipoteza nini. Kwa muda mrefu msomaji wa tarikhi amekuwa na njia mbili tu, ama kuisadiki nasaba ama kuitupa. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, ambayo ni uchanganuzi wa mitandao ya kijamii kama ulivyokuzwa na wanasosholojia wa historia, na kuuliza ni mambo gani katika lugha na maisha ya Waswahili yanayoilazimisha mbinu hiyo ibadilishwe kabla ya kutumiwa hapa.

2.0 Kutoka wasifu wa mtu hadi wasifu wa kundi

Kuwachunguza watu wa tabaka la juu kwa jumla yao, badala ya mmoja mmoja, si jambo jipya. Namier (1929) alilichunguza Bunge la Uingereza la karne ya 18 kwa kukusanya habari za wabunge, ukoo wa kila mmoja, wakwe zake na waliomfadhili, akaonyesha kuwa majina ya vyama yalieleza machache kuliko yalivyodhaniwa. Syme (1939) alifanya vivyo hivyo kwa Roma ya Augusto. Stone, katika insha yake ya mwaka 1971, aliipima mbinu hii, ambayo huitwa prosopografia, akasifu nguvu zake na kuonya kwamba humvuta mtafiti kuwaona wakubwa tu, kwa kuwa wao ndio walioacha karatasi. Onyo hilo litarejewa hapa chini.

Upungufu wa prosopografia ya awali ni kwamba iliorodhesha sifa za watu: mali, elimu, cheo, mahali pa kuzaliwa. Watu wawili wenye sifa zilezile waliwekwa fungu moja, hata kama hawakuwahi kuonana. Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kuhesabu sifa na kuhesabu nyuzi, yaani mahusiano yenyewe.

3.0 Mfano wa Florence

Mfano ulio maarufu zaidi ni ule wa Padgett na Ansell (1993) kuhusu kuinuka kwa ukoo wa Medici katika mji wa Florence, Italia, kati ya 1400 na 1434. Swali lao ni jepesi kulitamka. Mwaka 1433 Cosimo de' Medici alikamatwa na kufukuzwa mjini na wapinzani wake, wakiongozwa na Rinaldo degli Albizzi. Mwaka uliofuata alirudi, na tangu hapo ukoo wake ukaushika mji. Kwa nini Medici na si wengine? Si kwa utajiri pekee, maana katika daftari la kodi la mwaka 1427 tajiri wa kwanza alikuwa Palla Strozzi. Wala si kwa ukongwe wa jina, kwani zilikuwapo koo zenye heshima ya kale kuwapita.

Wataalamu hao walichukua habari zilizokusanywa na mwanahistoria Dale Kent katika kitabu chake cha 1978, wakazipanga upya kwa familia 92 na kwa aina tisa za mahusiano: ndoa, ushirika wa biashara, kazi katika benki, upangishaji wa majumba, mikopo, dhamana, urafiki na kadhalika. Kila familia ikawa nukta, na kila uhusiano uzi unaounganisha nukta mbili. Kisha familia ziliwekwa katika mafungu, si kwa kuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, bali kwa kuwa nyuzi zake zinaelekea mahali pamoja. Hapo ndipo umbo la vyama viwili lilipojitokeza.

Sehemu ndogo ya data hizo, yenye familia 16 na ndoa 20 baina yao, imekuwa zoezi la kawaida madarasani, na yafaa kuitazama kwa karibu. Medici wana nyuzi sita za ndoa. Strozzi wana nne. Tofauti ya sita na nne si kubwa. Lakini wakwe wa Strozzi wenyewe wameoana: Peruzzi wameunganika na Castellani na Bischeri, na wote watatu wameunganika na Strozzi. Habari inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine haina haja ya kupita kwa Strozzi. Wakwe wa Medici, kinyume chake, karibu wote hawajuani kwa ndoa. Acciaiuoli wakitaka kuwafikia Pazzi kwa njia ya ukwe, hawana pa kupita isipokuwa kwa Medici kisha Salviati. Tukikokotoa, kwa kila jozi ya familia nyingine, ni sehemu gani ya njia fupi kabisa inayompitia mtu wa kati, Medici hupata kama 0.52 na Strozzi kama 0.10. Kipimo hiki, ambacho hapa kitaitwa upitiwaji, ndicho kilichokuwa kimefichika katika orodha za mali na vyeo.

Kwa data nzima picha inazidi kunoga. Medici walioana na koo za kale, lakini nyingi kati ya hizo zilikaa nje ya mtaa wao. Wakafanya biashara na watu wapya, majirani zao, ambao hawakuwaoza wala kuwaoa. Kundi moja lilishikwa kwa ndoa na la pili kwa fedha, na makundi hayo mawili hayakuwa na mafungamano yao wenyewe. Wafuasi wote walikutana kwa Cosimo tu. Wapinzani wake walisukana kwa ndoa na biashara kwa pamoja, kila mmoja akiwa shemeji, mshirika na mshindani wa mwenzake; mnamo Septemba 1434 Rinaldo alipowaita watoke na silaha, baadhi walichelewa, baadhi walisita, na jeshi lao likayeyuka. Mkusanyiko wa nyuzi nyingi, ambao mtazamaji wa kawaida angeuita umoja, ndio uliowafunga mikono.

Lipo jambo la pili, ambalo wasomaji wengi wa kazi hiyo hulipita haraka. Padgett na Ansell hawasemi kwamba Cosimo aliupanga mtandao huo. Umbo lake lilitokana kwa kiasi kikubwa na kutengwa: baada ya maasi ya Ciompi ya mwaka 1378, ambayo Salvestro de' Medici alihusishwa nayo, ukoo huo ulibaki pembeni mwa utawala wa mji, na milango ya karibu haikuwa wazi kwao. Cosimo aliurithi mtandao, akaugundua, kisha akautumia kwa kusema machache, hata kila upande ukamdhania kuwa wake. Mtafiti anayegeuza kila ndoa ya zamani kuwa hila ya siasa hajaisoma kazi hiyo vizuri.

4.0 Tatizo la nukta: ukoo ni nini?

Msomaji wa Mombasa au Lamu atakuwa amekwisha ona mfanano. Hata hivyo mbinu haihami kama ilivyo. Tatizo la kwanza ni la msamiati. Huko Florence mtafiti anakabidhiwa nukta zake tayari: jina la ukoo limeandikwa katika daftari la kodi, na anayelipa kodi ni mkuu wa kaya. Daftari la 1427, ambalo Herlihy na Klapisch-Zuber walilichambua na kulichapisha mwaka 1978, lina kaya zipatazo 60,000. Pwani haina daftari la namna hiyo, na maneno yake ya nasaba hayako katika ngazi moja.

Kabila, kwa mtu wa Lamu au Mombasa wa zamani, si kile kinachomaanishwa na neno hilo Dodoma au Nairobi leo. Ni ukoo au kundi la koo ndani ya mji. Mlango ni tawi la ukoo, lakini pia ni kaya ya mzee mmoja na wanawe. Taifa limehama zaidi ya yote. Thenashara Taifa za Mombasa, ambazo Berg (1968) ameeleza historia yake, ni mashirikisho mawili: Tatu Taifa, yaani Kilindini, Tangana na Changamwe, na Tisa Taifa, ambazo baadhi ya majina yake, kama vile Pate, Shaka, Mtwapa na Kilifi, ni majina ya miji ambako watu walitoka. Mwanafunzi anayesoma hati ya karne ya 19 na kulielewa neno taifa kwa maana ya Tanzania au Kenya ameipoteza hati. Lakini hata anayejua maana yake ana uamuzi mgumu: je, nukta katika mtandao iwe taifa, ukoo, au mlango? Akichagua taifa, ugomvi wa ndani hautaonekana. Akichagua mlango, atapata nukta mia moja na uzi mmoja mmoja, na hakuna kitakachoonekana.

Nisba nayo haitoshi. Mtu aitwaye al-Mazrui anaweza kuwa mtoto wa ukoo huo kwa damu. Anaweza pia kuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, ambaye jina la bwana wa zamani lilimfuata. Majina ya makundi makubwa yanayumba hata zaidi. Katika hesabu ya watu ya Zanzibar ya mwaka 1924, waliojiandikisha kuwa Waswahili walikuwa makumi ya maelfu. Katika hesabu ya 1931 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi maelfu machache. Hapakutokea tauni wala uhamaji wa kueleza pengo hilo. Watu walikuwa walewale. Walichobadilisha ni neno. Mtafiti anayepanga data zake kwa neno bila ya kuliuliza lilitumiwa na nani, mbele ya afisa gani na kwa faida gani, anahesabu kalamu za makarani.

5.0 Tatizo la uzi: kuoa, kuolewa na kuoza

Tatizo la pili lina manufaa zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kinaipa mbinu kitu ambacho haikuwa nacho. Katika michoro ya Florence inayotumiwa madarasani, ndoa ni uzi usio na mwelekeo: Medici na Salviati wameunganika, basi. Kiswahili hakiruhusu kusema hivyo kwa urahisi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, baba au walii huoza. Kitenzi kimoja, kwa kauli zake tatu, kinataja nani alitoa na nani alipokea. Kuoana kupo, lakini ni kauli ya jumla. Mtu akiulizwa habari za koo mbili atajibu kwamba "wao huoa kwetu" au "sisi tunawaoza". Uzi wa ndoa pwani una kichwa na mkia.

Mwelekeo huo una maana kwa sababu ya kanuni ya kufu. Mwanamke hatarajiwi kuozwa chini ya daraja lake, ilhali mwanamume anaweza kuoa chini. El-Zein (1974) amelieleza jambo hili kwa kina kuhusu Lamu, ambako masharifu walioa katika koo za waungwana na hawakupenda kuwaoza mabinti zao huko. Basi koo mbili zinazooana kwa pande zote ni sawa kwa daraja. Koo mbili ambazo moja inaoa tu na nyingine inaoza tu zimepangana juu na chini, hata kama tarikhi inaziita ndugu. Kwa kuhesabu mielekeo, mtafiti anaweza kuijenga ngazi ya hadhi ya mji bila ya kumwuliza mtu yeyote nani mkubwa, swali ambalo kila mtu hulijibu kwa kuipendelea nyumba yake. Hadithi ya Pate nayo inasomeka upya: mfalme wa Wabatawi kumwoza mgeni ni kukiri kwamba mgeni ni kufu, au zaidi ya kufu. Waliohifadhi simulizi hiyo, yaani Wanabahani wenyewe, walikuwa na sababu ya kutaka ikumbukwe hivyo.

Kuna ndoa za ndani pia. Kumwoa binti ami kulipendelewa na koo nyingi za waungwana, na ndoa ya namna hiyo haichoti uzi wowote kati ya nukta mbili. Inarudi pale ilipotoka. Mtandao wa ndoa wa pwani kwa hiyo utaonekana mwepesi kuliko wa Florence, na nyuzi chache zitokazo nje zitakuwa na uzito mkubwa zaidi.

Uzi usiokuwa na jina katika data za Ulaya ni ule wa suria. Azze bint Seif, mke wa Seyyid Said wa Zanzibar, hakuzaa naye, kama alivyoandika Emily Ruete, aliyezaliwa Salme bint Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Watoto waliobaki baada ya Said kufa mwaka 1856, pamoja na Majid na Barghash waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, walizaliwa na masuria. Kwa sheria mtoto wa suria ni mtoto kamili wa baba yake, na nasaba ya baba haiachi alama ya mama. Mchoro unaohesabu ndoa za nikahi pekee ungeionyesha nyumba ya Said kama nyumba isiyo na mama. Onyo la Stone linasimama hapa: mbinu inayofuata karatasi za wakubwa itawafuta wanawake na watumwa, isipokuwa mtafiti awatengenezee mahali katika jedwali lake kabla ya kuanza kuhesabu.

6.0 Mombasa na mwaka 1837

Yafaa kuijaribu mbinu hii, japo kwa muhtasari, juu ya tukio moja. Mazrui walitawala Mombasa kuanzia nusu ya kwanza ya karne ya 18, awali kama maliwali wa Oman na baadaye kwa nafsi zao, hadi 1837 Seyyid Said alipoushika mji. Maelezo ya kawaida yanataja nguvu za majeshi ya Said, ambazo hazikanushiki, ingawa majeshi hayo yalikuwa yamerudi nyuma zaidi ya mara moja kabla ya hapo. Maelezo mengine yanataja fitina ya urithi iliyozuka miongoni mwa Mazrui baada ya kifo cha liwali Salim bin Ahmad mwaka 1835. Nayo ni kweli. Lakini fitina za urithi zilikuwapo kabla, na mji haukuanguka.

Mtazamo wa mitandao unapendekeza dhana ifuatayo. Tisa Taifa na Tatu Taifa zilikuwa na ushindani wa muda mrefu, kila upande ukiwa na tamimu wake na mafungamano yake maalumu na makundi ya Wamijikenda wa bara. Mazrui, wakiwa wageni waliotokana na Oman, walikaa katikati. Nguvu yao haikutokana na wingi wao, kwa kuwa walikuwa wachache, bali na kwamba pande mbili zisizoaminiana zilipitia kwao. Kwa lugha ya sehemu ya tatu hapo juu, walikuwa na upitiwaji mkubwa. Ikiwa ni hivyo, kuna mambo mawili ya kutazamiwa katika hati: ndoa na dhamana chache baina ya Tisa na Tatu moja kwa moja, na nyingi kati ya kila upande na Mazrui. Kuna jambo la tatu pia. Mtu wa kati huwa na thamani maadamu hakuna njia nyingine. Baada ya Said kuhamishia shughuli zake Unguja, njia nyingine ilifunguka. Mkubwa wa Kilindini asiyeridhika hakuwa na haja tena ya kupitia Ngomeni. Ugomvi wa ndani wa Mazrui wa 1835 haukuwa mkali kuliko wa zamani. Ulitokea wakati ambapo wafuasi walikuwa na mahali pa kwenda.

Dhana hii inaweza kukanushwa, na huo ndio ubora wake. Ikionekana kwamba koo za Kilindini na za Mvita zilikuwa zikiozana kwa wingi tangu karne ya 18, itaanguka. Historia ya Mazrui iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, ambaye alifariki mwaka 1947 kabla hajaikamilisha, na iliyochapishwa mwaka 1995 kwa uhariri na tafsiri ya Ritchie, ni chanzo cha kwanza cha kuipima. Ni kazi ya mtu wa nyumba hiyo, na inapaswa kusomwa kama kazi ya mtu wa nyumba hiyo. Upendeleo wa mwandishi hauathiri kila kitu sawasawa. Anaweza kumsifu babu yake kupita kiasi. Ni vigumu zaidi kumbunia mkwe ambaye wajukuu zake bado wako mtaani.

7.0 Hati na majina

Vyanzo vya kufanyia kazi hiyo vipo. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimisha wenye mashamba na viwanja katika ukanda wa pwani ya Kenya kuleta madai yao, na madai hayo yaliambatana na hati za kuuziana, rehani na urithi. Unguja kuna hati za wakfu, nyingi zikitaja, baada ya watoto wa mweka wakfu, watumwa wake walioachwa huru na vizazi vyao: yaani watu walewale ambao nasaba huwaficha. Kila hati ina mashahidi. Orodha ya mashahidi ni data ya mtandao iliyokaa tayari, nayo kwa kawaida hurukwa na msomaji anayetafuta mipaka ya shamba.

Kikwazo kikubwa ni cha kiisimu, na mwanahistoria akiachwa peke yake atakwama. Hati nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa maandishi ya kawaida hazitofautishi vizuri b, p na mb, wala e na i, wala o na u. Jina moja la Kibantu linaweza kuandikwa kwa namna tatu na makarani watatu, kisha likanakiliwa kwa herufi za Kirumi kwa namna ya nne na karani wa serikali. Wanawake wana taabu zaidi, kwa kuwa huyohuyo anaweza kuwa Aisha katika hati ya kadhi, Mwana Esha katika barua, na Mwanaesha katika daftari la ardhi, na mara nyingine hana jina ila "mama wa" fulani. Katika kompyuta hao watakuwa wanawake wanne, kila mmoja na uzi mmoja, na mwanamke aliyekuwa akiziunganisha koo tatu atatoweka. Kuamua kama ni mmoja au ni wanne kunahitaji ujuzi wa fonolojia ya lahaja za Kimvita na Kiamu, desturi za kupeana majina, na tahajia ya kila karani kwa mwandiko wake. Orodha kamili ya majina ya namna hiyo, hata kwa mtaa mmoja wa Mombasa kati ya 1800 na 1910, bado haijaonekana katika maandishi yaliyochapishwa kwa Kiswahili.